Mrejesho: Msumeno wa betri uliokuwa unarukaruka

Wakuu, salaam. Niliuliza kuhusu msumeno wangu wa betri, ule ambao bledi inaenda mbele na kurudi, kwamba ulikuwa unarukaruka na kupinda bledi nikikata mabomba ya chuma na mbao zenye misumari. Asanteni sana mliojibu.

Kilichosaidia kuliko vyote ni kukandamiza lile bamba la mbele ya msumeno, pale bledi inapotokea, kwenye bomba kabla ya kubonyeza swichi. Likiachia hata kidogo, bledi inalitikisa bomba badala ya kulikata. Likigusa sawasawa, mkono unatulia kabisa.

Kwenye bomba nilifunga bledi ya meno 18 kwa inchi, mwendo wa taratibu. Unga wa chuma ulidondoka vizuri na bledi haikugeuka bluu kwa joto. Mbao zenye misumari nilizikata kwa bledi ya metali mbili (mwili wa chuma kinachonyumbuka, meno ya chuma kigumu), meno 10 kwa inchi, ndefu ya kutosha ili ncha isigonge ndani na kuurudisha msumeno nyuma.

Aliyesisitiza nitoe betri kabla ya kubadilisha bledi, na nivae glavu maana hutoka ya moto sana, Mungu akubariki.

Kilichogoma ni bomba nene la chuma cha kusubu. Meno yaliisha yote na bomba likabaki na mchubuko tu. Hapo ushauri wa bledi ya kabidi, yaani yenye meno magumu kuliko chuma, ndio uliobaki, bado sijaijaribu.