Likizo ya Juni na vijana wawili nyumbani: naomba ushauri wa wazazi wenzangu

Mama Wawili, Sakina – Arusha

Ndugu wanajamvi, habari za majukumu. Shule zikifungwa nitakuwa na vijana wawili nyumbani kwa takriban mwezi mzima: wa kiume ana miaka 16 na yuko kidato cha tatu, wa kike ana miaka 14 na yuko kidato cha kwanza. Mchana hakuna mtu mzima wa kubaki nao. Baba yao ni dereva wa watalii na Juni ndipo msimu unapoanza kuchanganya, kwa hiyo akishaingia Ngorongoro na Serengeti na wageni wake huweza kupita wiki au zaidi kabla hajarudi. Mimi ni muuguzi, na baadhi ya zamu zangu ni za usiku. Dada wa kazi tuliyekuwa naye ameolewa, na sikutafuta mwingine kwa kuwa watoto wameshafikia umri wa kujipikia.

Kinachonitia hofu ni mtaa. Kutoka getini kwangu hadi barabara ya lami kuna vibanda umiza viwili vya kuonyeshea video na mpira, duka lenye ile mashine ya kamari ya kutumbukiza sarafu ambayo hata watoto wa shule ya msingi wanaijua, na kijiwe cha vijana wanaotafuna mirungi mchana kutwa huku wakijadili mikeka yao ya kubeti. Mwanangu si mtukutu, lakini mwezi ni mrefu. Mwenyewe ameshaleta pendekezo: mjomba wake anayefanya kazi mlimani amemwahidi kumtafutia nafasi ya kupanda Kilimanjaro kama mgumu, yaani mpagazi wa kubeba mizigo ya wageni, kwa safari moja au mbili, ili apate hela yake ya matumizi. Baba yake haoni ubaya, kwa sababu yeye mwenyewe alianza kujitafutia akiwa na umri huo huo. Mimi roho yangu inasita.

Tuisheni ipo karibu, ila sitaki iwe jibu la kila kitu, kwani mtoto aliyekaa darasani tangu Januari anahitaji kupumua. Wenzangu mnaoshinda kazini, vijana wa umri huu mnawashughulishaje, na mnajuaje kwamba wako salama wakati ninyi hampo?

Mwalimu Mstaafu, Moshi

Mama Wawili, pole na majukumu. Nimefundisha sekondari za wilaya ya Hai na Moshi Vijijini kwa muda mrefu, na nilichokuwa nakiona kila baada ya likizo ni kwamba wanafunzi walioharibikiwa hawakuharibikiwa asubuhi. Asubuhi kijana hulala, huamka akafagia, akafua, akanywa chai. Ni kuanzia saa tisa alasiri hadi giza linapoingia, wakati kazi za nyumbani zimekwisha na mzazi bado hajarudi, ndipo miguu huanza kuelekea kijiweni. Kwa hiyo usihangaike kujaza siku nzima. Ziba kwanza saa hizo za jioni kwa mazoezi ya mpira au riadha yanayosimamiwa na mtu unayemfahamu, anayejua majina ya vijana wake na anayeuliza asipomwona mmoja wao. Wanaochaguliwa kwenda UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, huwa na walimu na ratiba ya michezo. Waliobaki mtaani ndio ambao hakuna anayewapigia filimbi.

Kuhusu tuisheni nakubaliana nawe nusu. Kidato cha tatu atafanya mtihani wa kidato cha nne Novemba ya mwakani, na kama hisabati au fizikia inamsumbua, saa mbili za asubuhi kwa somo hilo zinatosha. Kumrundikia masomo tisa likizoni ni kumhamishia shule nyumbani.

Swali langu kwako ni hili: je, hamna kihamba, lile shamba la ukoo la migomba na kahawa, upande wowote? Kama mnacho, wapeleke wote wawili kwa wiki mbili. Silisemi hili kwa ajili ya kutukuza mila. Ninalisema kwa sababu kazi za kihambani hazimsubiri mtu apate hamu. Ng'ombe wa zizini lazima akatiwe majani leo, si kesho. Migomba inataka kuondolewa machipukizi ya ziada na kuwekewa samadi. Kahawa ya maeneo ya chini huanza kuiva kuelekea Julai, na huchumwa punje nyekundu peke yake huku za kijani kwenye tawi hilo hilo zikiachwa, kazi inayotaka jicho na subira kuliko nguvu. Ukiitishwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, wa kusafisha mfereji, kijana wa miaka 16 atashika jembe pamoja na wanaume wazima na atawasikia wanavyobishana kuhusu zamu za maji, jambo ambalo hakuna darasa litakalomfundisha. Sharti langu ni moja: bibi yao asiachiwe mzigo wa kuwalinda peke yake. Awepo baba mdogo au shangazi anayeishi hapo hapo, kwani vilabu vya mbege, pombe ya ndizi, navyo viko huko huko.

Mgumu wa Zamani, Pasua – Moshi

Naomba nichangie suala la mlima peke yake, kwa kuwa nimebeba mizigo njia ya Machame na ya Marangu kwa misimu mingi kabla sijawa msaidizi wa kiongozi wa wageni. Sina shaka kwamba mjomba anampenda mpwa wake, lakini anachokipendekeza hakiruhusiwi. Mpagazi anatakiwa awe ametimiza miaka 18, na aliye chini ya umri huo hupitishwa getini kwa ujanja. Ujanja huo maana yake ni kwamba taarifa zake kwenye karatasi si za kweli, na akipatwa na ugonjwa wa mwinuko pale kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, hakuna atakayetaka kukiri kwamba ndiye aliyempandisha.

Mzigo wa mgeni una ukomo wa kilo 20, na juu ya huo mgumu ana begi lake mwenyewe la nguo na blanketi. Tena wengi wetu hatuna hema letu. Tunasubiri wageni wamalize kula, meza zitolewe, ndipo tujipange kulala ndani ya hema la chakula, na usiku wa Juni maji huganda kwenye ndoo. Mtu mzima mwenye familia ya kulisha hujua kwa nini anavumilia hayo. Mtoto wa kidato cha tatu hana sababu ya kuyavumilia kwa ajili ya hela ya matumizi.

Ila usimkatishe tamaa. Mwambie mjomba amwombee nafasi kwenye stoo ya vifaa vya mlimani. Safari ikishuka, mahema hurudi na matope. Yanafuliwa, yanaanikwa mpaka mishono ikauke kabisa, kwani hema likikunjwa na unyevu huota ukungu. Zipu hukaguliwa moja moja na zilizolegea hubadilishwa vichwa, nguzo zilizopinda hutengwa, magodoro na mifuko ya kulalia huhesabiwa. Hiyo ni kazi ya mchana, haina mwinuko, kijana analala kwao, na kampuni nyingi zina stoo huko kwenu Arusha. Akitimiza miaka 18 na bado anautaka mlima, atakuwa anakijua anachokibeba.

Fundi Magari, Unga Limited – Arusha

Mimi hupokea vijana wa likizo gereji kwangu, wawili kwa wakati mmoja na si zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu mtoto kuanzia miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma, na inakataza kumfanyisha kazi usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Mimi nimeongeza masharti yangu. Kijana haingii chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki, hata fundi akimtuma. Haji na kandambili. Anaondoka saa nane mchana akiwa ameshakula, na Ijumaa anapewa chochote mkononi.

Siku za mwanzo ataosha spea na kujifunza saizi za spana, na mwenyewe ataona kwamba hajifunzi kitu, mpaka siku fundi aliye chini ya gari atakaponyoosha mkono na kusema “kumi na saba”, na yeye akamwekea kumi na saba bila kugeuza spana kutafuta namba. Kuanzia hapo huwa hahitaji kuamshwa asubuhi.

Ninachosisitiza ni mzazi kuja mwenyewe, tuonane ana kwa ana, kisha apite tena hata kwa dakika tano katikati ya wiki. Mzazi anayemleta mtoto na asionekane tena hadi shule zifunguliwe, mimi humrudishia mtoto wake. Anayetaka mafunzo yenye cheti aulizie kozi fupi kwenye vyuo vya ufundi vya VETA, lakini aulizie mapema, maana tarehe zao hazifuati likizo za shule.

Mama Wawili, Sakina – Arusha

Nawashukuru wote, na Mwalimu, shikamoo. Suala la mlima nimelifikisha kwa baba yao na kwa kaka yangu. Mazungumzo hayakuwa mafupi, ila tumekubaliana kuhusu stoo. Kwa upande wa kihamba, mama mkwe yuko Machame na wifi yangu anaishi naye, hivyo wiki mbili za mwisho watakwenda huko.

Hata hivyo naona sote tumemzungumzia kaka mtu. Binti je? Yeye hana makundi, anapenda kusoma hadithi na kulala, na kwa sababu hasumbui ni rahisi kudhani kwamba hana haja ya kupangiwa kitu. Kaka yake akienda stoo, yeye atabaki nyumbani kutwa, awe mpishi wa kila mtu.

Mjumbe wa Kamati, Kijenge – Arusha

Dada yangu, hapo umegusa penyewe. Nipo kwenye kamati ya mtaa wetu ya ulinzi wa wanawake na watoto, na kwa yale tunayoyapokea, mara nyingi mlango haukuvunjwa: ulifunguliwa kwa mtu anayefahamika, awe jamaa wa familia, mpangaji wa chumba cha nyuma au bodaboda aliyezoea kumpeleka shule. Geti kubwa halimzuii mtu ambaye mtoto amefundishwa kumwamkia. Kwa hiyo mkubaliane kwa maneno yaliyo wazi nani anaruhusiwa kuingia wakati hampo, na jibu liwe hakuna, hata binamu. Atakayekuja akupigie simu wewe akiwa nje. Binti asipewe jukumu la kumkatalia mtu mzima kwa jina lake mwenyewe. Aseme “mama amekataza”, lawama zije kwako.

Siku za zamu ya usiku usiwaache wawili peke yao. Atafutwe shangazi, au mama jirani wa kuaminika alale hapo. Mfundishe pia kwamba namba 116 ni ya huduma kwa mtoto na haitozwi fedha, na kwamba kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, ili akiwa na jambo ambalo anaona haya kukueleza wewe, ajue pa kulipeleka.

Kuhusu jiko, hilo ni lenu kulirekebisha. Andika zamu za kupika na kufua uzibandike ukutani, jina la kaka yake likiwamo, na uzifuatilie. Kisha umpatie binti mahali pake pa kwenda asubuhi. Anayependa hadithi aende maktaba ya mkoa, akae huko na kitabu. Siku moja mpeleke Makumbusho ya Azimio la Arusha karibu na Mnara wa Mwenge, na mkitoka hapo mpitie Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900, ila hiyo ni shughuli ya siku moja tu. Mimi ningemkabidhi kwa fundi cherehani mwanamke wa mtaani kwenu, kwa nusu siku. Hadi likizo iishe anaweza kujua kuchukua vipimo, kupinda upindo na kuweka zipu kwenye sketi yake ya shule.

La mwisho wewe muuguzi unalijua kuliko mimi, lakini nalisema kwa ajili ya wengine wanaosoma hapa. Baridi ya Juni na Julai huwashawishi vijana kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Nunua blanketi la ziada.

Baba wa Olasiti, Arusha

Nikipingana kidogo na wazazi ambao dawa yao ya likizo ni kunyang'anya simu: mtoto aliye peke yake nyumbani anaihitaji, kwa kuwa ndiyo njia yako ya kumfikia na yeye kukufikia. Kwetu bando hununuliwa Jumatatu, likiisha Jumatano ni shauri lake, na usiku simu zote huchajiwa sebuleni, pamoja na yangu.

Halafu hakuna aliyetaja maji. Masika yakishapita, mashimo ya moramu hubaki na maji ya kina ambacho hakuna anayekijua, na vijana huyageuza bwawa la kuogelea. Tembelea yaliyo karibu nawe pamoja nao, uwaonyeshe kwa kidole. Pia katika makundi yao ya WhatsApp kutakuwa na mchango wa kukodi kosta kwenda kuogelea chemchemi ya Chemka, kule Kikuletwa. Maji yale ni meupe hadi unaona chini, ndiyo maana asiyejua kuogelea hudhani ni mafupi. Wangu huenda, lakini nakwenda nao. Asiyeweza kuogelea anakodishiwa boya kabla hajavua viatu, na saa ya kurudi tunakubaliana na dereva tukiwa bado Arusha.