Longonot na ziwa Naivasha kwa siku moja: watu 28 wataweza?

Wadau, klabu yetu inatoka Nairobi Jumamosi. Tunataka kuzunguka ukingo wa kreta (shimo la volkano) ya Mlima Longonot, kisha mashua Naivasha. Wengine ni wageni wa milima. Tupange vipi?

Mpandaji: Mnaweza, ila basi liondoke saa kumi na moja alfajiri. Kutoka getini hadi ukingoni ni kilomita 3 na kidogo, mzunguko ni kama 7.2, halafu mnarudi njia ileile. Wekeni muda wa saa sita kwa kundi kubwa. Lipeni ada ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) mtandaoni usiku wa kuamkia Jumamosi. Getini hawapokei pesa taslimu, na watu 28 wakianza kuhangaika na simu, saa nzima imeyeyuka.

Maji lita 3 kila mtu. Juu hakuna hata tone, wala kivuli cha maana.

Mama Safari: Nyongeza, ndugu. Waliochoka waamue kurudi au kuendelea pale njia inapofika ukingoni, kwa sababu ukishavuka nusu ya mzunguko hakuna njia ya mkato. Mmoja atangulie, mmoja afunge mkia. Kileleni, mita 2,776, mteremko una majivu ya volkano yanayoteleza. Viatu vya soli laini mviache nyumbani. Kiangazi, leso ya kufunika pua.

Mpandaji: Ziwani, patana bei kwa mashua, si kwa kichwa, na kila mtu avae jaketi la kuokolea. Ondokeni ufukweni kabla ya magharibi: viboko hutoka kula majani gizani.