Naomba ushauri: yule mzee Bierce aliyepotelea Mexico nimalizie wapi?

Wakuu habari zenu, naandaa podikasti ya kesi za watu waliopotea na sasa nimefika kwa Ambrose Bierce nimekwama kabisa. Kwa asiyemjua, huyu ni mwandishi Mmarekani, mwanajeshi mstaafu aliyepigwa risasi ya kichwa 1864 akapona, sasa mzee ana miaka 71 na pumu juu, Oktoba 1913 anaaga Washington, anazunguka viwanja vya vita alivyopigania ujanani kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani halafu anavuka mpaka El Paso kuingia Mexico kwenye mapinduzi, eti akaone vita ya Pancho Villa, yule jenerali wa waasi! Barua ya mwisho ni ya 26 Desemba 1913 kutoka Chihuahua, baada ya hapo kimya, mwili hakuna, kaburi hakuna.

Sasa shida yangu iko hapa. Wapo wanaosema alifia vitani Ojinaga, mji wa Mexico ulio mpakani na Marekani, Januari 1914, wengine wanasema alipigwa risasi Sierra Mojada, mji mwingine wa Mexico, na wapo wanaodai hakwenda Mexico kabisa alijiua huko huko Marekani. Mi naona Ojinaga ndo inaingia akilini, maana jeshi la Villa lilitoka Chihuahua kwenda huko na maiti kwenye jangwa lile wakati wa vita nani angezihesabu, ila ushahidi wa kushika mkononi sina.

Je niseme wazi naegemea wapi au niziweke zote msikilizaji achague? Na ile ya kujiua, niitaje au ni kumvunjia mzee heshima? Waliowahi kufanya kazi za redio nisaidieni, narekodi wikiendi hii.