Mrejesho: Neno la familia kwenye send-off

Wakuu, nawashukuru sana. Niliomba ushauri nifanyeje sauti isitetemeke nikitoa neno la familia kwenye send-off ya mdogo wangu. Shughuli imepita Jumamosi.

Kilichonibeba ni kukariri sentensi ya kwanza na ya mwisho tu. Katikati nilifuata vidokezo kwenye kadi. Maiki niliishika karibu na kidevu, nikasema "itifaki imezingatiwa", nikaingia kwenye hoja. Mama mkubwa alikaa meza za nyuma kabisa, anasema alisikia kila kitu.

Kuvuta pumzi ndefu kulituliza sauti, mikono ikaendelea kutetemeka. Afadhali kadi ilikuwa ngumu, karatasi ya kawaida ingenichongea. Na kile kichekesho mlichonipa, aisee, hakucheka mtu! Atakayefuata akiache.