Gumzo la kikundi: Ukoo wa Babu ❤️🙏

Shangazi Rhoda 19:02
Bwana asifiwe wapendwa. Jumamosi saa 9 alasiri kwa baba, ibada ya familia, neno ni Walawi 19:17 na Mathayo 18, kila nyumba buku tano ya chakula tuma kwangu namba ileile, thibitisheni leo sio Jumamosi asubuhi mtu anasema sikuona meseji

Shangazi Rhoda 19:40
Naona tiki za bluu tu jamani

Tumaini 19:44
Amina shangazi. Pilau au wali maharage?

Shangazi Rhoda 19:47
Acha utani. Baba Neema na Elia nawataja, mkae muyamalize ya ng'ombe wa mama, miaka 6 sasa. Walawi inasema usimchukie ndugu yako moyoni, mkemee, mstari unaofuata ndo mpende jirani yako kama nafsi yako, watu wanaruka wa kwanza wanadaka wa pili

Baba Neema 20:15
Mimi nilishasamehe dada. Aliyeuza hajasema hata pole

Elia 20:16
Umeanza. Hela ya hospitali ilitoka wapi, uliuliza?

Samweli 20:18
Saba mara sabini ni 490, ba mkubwa umebakiza ngapi 😂😂

Baba Neema 20:19
We mtoto ukome. Luka 17:3, mwonye, AKITUBU msamehe. Akitubu.

Neema 20:31
Baba, kwenye Mishna, kitabu cha kale cha sheria za Wayahudi, hata Siku ya Upatanisho haifuti kosa la mtu na mwenzake mpaka amwendee amridhishe

Shangazi Rhoda 20:33
Hela zimeingia za nyumba 3 tu

Babu 21:26
Nimesoma yote. Rhoda neno ni zuri ila Mathayo 18 hiyohiyo mstari wa 15 inasema wewe na yeye peke yenu. Hapa tuko 34 na wajukuu wanacheka. Yusufu aliwatoa watu wote nje ndipo akajitambulisha kwa ndugu zake, akalia mpaka Wamisri wakasikia. Na aliyekosewa ni yeye. Ng'ombe alikuwa wa mke wangu, mimi hakuna aliyeniuliza inaniuma vipi. Kesho jioni njooni nyie wawili.

Shangazi Rhoda 21:50
Nisamehe baba

Baba Neema 22:04
Shikamoo baba. Kesho niko zamu, labda saa 2 usiku

Elia 22:41
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Elia 23:10
Nimekusikia baba

Mama Neema 06:12
Jamani simu haikuwa na chaji. Jumamosi hii au ijayo?

Shangazi Rhoda 06:13
HII. Mchele nani analeta?