PCR ya selimundu: kila sampuli inasoma AS, hata kontroli ya AA. Tatizo liko wapi?

Kadi_Kavu (muuliza swali)

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu na vinasaba.

Tunapima badiliko la selimundu kwenye jeni ya HBB (ya himoglobini): AA hana badiliko, AS ana nakala moja, SS ana mbili. DNA tunaitoa kwenye kadi za damu kavu kwa Chelex (punje zinazonyonya madini). Tunafanya PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) kisha tunakata kwa kimeng'enya DdeI. Praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili) ni PCO3 na PCO4, zinazotoa kipande cha herufi 110.

PCR ni mikrolita 25, ndani yake mikrolita 5 za DNA, mizunguko 40, joto la praima kushika ni nyuzi 55. Kwenye kukata tunaweka mikrolita 10 za zao la PCR na uniti 5 za DdeI, jumla mikrolita 20, nyuzi 37 kwa saa moja. Jeli ni agarosi asilimia 2, volti 100, dakika 40.

Sampuli zote 24 zina mstari wa 110 na chini yake kuna ukungu kwenye eneo la 50. Tukizisoma kwa kanuni (110 nzima ni S, vipande vya karibu 50 ni A), zote ni AS. Kontroli yetu ya AA, ambayo himoglobini yake ilishathibitishwa kwa elektroforesisi, nayo inatoka hivyo hivyo. Mrija wa maji (usio na DNA) hauna mstari wa 110, ila ukungu wa chini upo. Je, ni uchafuzi, au kimeng'enya kimekufa?

---

Mkata_Herufi

Kadi_Kavu, jibu lako umeliandika mwenyewe kwenye sentensi iliyo kabla ya swali lako la mwisho. Kama mrija wa maji una ukungu ule ule, basi ukungu huo si DNA iliyokatwa. Ni praima zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe. Kila moja ina herufi 20, kwa hiyo zao lao hutua karibu na 40, na kwenye agarosi ya asilimia 2 huwezi kutenganisha 40 na 55. Maana yake, mpaka sasa huna ushahidi wowote kwamba DdeI imekata hata kipande kimoja.

Tazama herufi zenyewe. Mtu wa A ana CCT GAG GAG. Mtu wa S ana CCT GTG GAG, A moja imekuwa T, na protini inapata valini mahali pa asidi glutamiki. DdeI hutafuta C, T, herufi yoyote, A, G. Kwenye A inaikuta CTGAG na kukata. Kwenye S inakuta CTGTG, inapita bila kugusa. Kwa hiyo S husomwa kwa kutokukatwa, na hapo ndipo udhaifu wa njia hii ulipo: kimeng'enya kikishindwa kazi, matokeo yanafanana kabisa na ugonjwa.

Sasa chukua kipande chako cha 110. Ukihesabu kuanzia PCO3, DdeI ina sehemu moja tu ya kukata, baada ya herufi ya 54. Unapata vipande vya 54 na 56, ambavyo kwenye jeli hukaa kama mstari mmoja. Hakuna sehemu nyingine ya kukata inayoweza kukuambia kwamba kimeng'enya kilikuwa hai ndani ya mrija ule. Ndiyo maana AA ambayo haikukatwa, SS ya kweli, na AS ambayo haikukatwa zote zinaonekana sawa. Praima hizi zina umri sawa na PCR yenyewe. Zilitumika kwenye ripoti ya kwanza ya PCR, mwaka 1985, iliyokuwa juu ya selimundu hii hii, na kipande kilisomwa kwa kichunguzi chenye mionzi, si kwa macho juu ya agarosi.

Suluhisho la kudumu ni kubadilisha praima. Kwenye jeni hii DdeI ina sehemu mbili za kudumu zinazoizunguka kodoni (herufi tatu za amino asidi moja) ya selimundu. Ya chini ni mwishoni kabisa mwa introni ya kwanza (sehemu ya jeni isiyoandika protini), palipoandikwa CCCTTAGG, herufi 201 kutoka sehemu ya selimundu. Ya juu iko herufi 175 kabla yake. Ndiyo maana tangu 1981 vipimo vya DdeI vilivyofanywa moja kwa moja kwenye DNA ya mtu vilitoa 175 na 201 kwa A, na 376 kwa S.

Panga praima moja nje ya sehemu ya juu na nyingine nje ya sehemu ya chini, ndani ya eksoni ya pili (sehemu inayoandika protini), kila upande ukiacha angalau herufi 60 za ziada. Ukifanya hivyo:

AA inatoa 175 na 201.
SS inatoa 376.
AS inatoa 376, 201 na 175.

Vipande vya pembeni ni lazima vikatike kwa kila mtu, awe A au S. Ukiona zao zima la PCR bado limesimama juu ya 376, usisome mtu yeyote kwenye mrija huo, kwa sababu kimeng'enya hakikumaliza kazi.

---

Bufa_Safi

Naunga mkono. Naongeza upande wa kukata wenyewe, maana hata praima mpya hazitakusaidia kama unakata kwa namna hiyo.

Mikrolita 10 za PCR ndani ya 20 ni nusu nzima. Unaingiza chumvi, praima na polimerasi (kimeng'enya kinachonakili DNA) kwa wingi kwenye bufa ya DdeI. Usizidishe theluthi moja. Kwa jumla ya mikrolita 30 weka: zao la PCR 8, bufa ya kimeng'enya (ile ya mara 10) 3, DdeI uniti 10, maji kujaza. Ujazo wa kimeng'enya usipite sehemu moja ya kumi ya jumla, kwa sababu huja ndani ya gliserini, nayo ikizidi inavuruga kukata. Gliserini ni nzito, huzama chini ya mrija, kwa hiyo changanya taratibu kwa pipeti kisha zungusha sekunde chache kwenye sentrifuji. Acha nyuzi 37 kwa saa tatu, au usiku mzima kama mashine ina kifuniko cha moto kinachozuia maji kupanda na kukauka juu.

Kabla hujapoteza sampuli, pima kimeng'enya chenyewe. Chukua nanogramu 500 za DNA ya lambda (kirusi cha bakteria), mrija mmoja wenye DdeI, mmoja bila, saa moja. Wenye kimeng'enya ukibaki na mstari mmoja mzito juu kama mwenzake, kimekufa, na mara nyingi sababu ni friza linalojiyeyusha lenyewe.

Jambo la pili ni mizunguko 40. Hapa watu wengi hupotea. PCR ikifika ukingoni, praima zinapungua, na nyuzi za DNA zinaanza kurudiana zenyewe badala ya kunakiliwa. Kwa mtu wa AS, uzi wa A unaweza kuoana na uzi wa S. Pale kwenye kodoni herufi haziendani, DdeI haikati. Nyuzi zote zikirudiana kiholela, robo itakuwa A kwa A, robo S kwa S, nusu mchanganyiko. Inayokatwa ni robo tu. Robo tatu inabaki juu, na macho ya haraka yataita SS mtoto ambaye ni AS. Shusha mizunguko iwe 30 hadi 32.

Jeli: kwa 175, 201 na 376 tumia agarosi asilimia 3, uiendeshe polepole, volti 80 hadi 175 na 201 ziachane wazi. Ukibaki na 110 na 55, tumia jeli ya poliakrilamaidi ya asilimia 8, vinginevyo utakuwa unakisia.

---

Kadi_Kavu

Nashukuru sana, mmenifungua macho. Maswali mawili. Praima mpya zitachukua muda kufika, je, kuna namna ya kuokoa hizi za 110 kwa sasa? Na tukirefusha kipande, DNA ya Chelex kutoka kadi ya zamani itatosha? Kuna siku sampuli nane kati ya 24 hazitoi chochote.

---

Bi_Maabara

Kadi_Kavu mdogo wangu, za 110 zitumie kujifunza mikono, zisitumike kutoa majibu ya mtu.

Kuhusu kadi, DNA inatosha. Duara la milimita 3 lina takriban mikrolita 3 za damu. Ukikadiria seli nyeupe 5,000 kwa mikrolita na pikogramu 6.6 za DNA kwa seli, ni karibu nanogramu 100. Hata ukipoteza sehemu kubwa, kipande cha herufi 500 kinatoka. Sampuli zinazogoma kwa kawaida hazina upungufu wa DNA. Tatizo ni himoglobini iliyobaki, au punje za Chelex zilizoingia kwenye PCR. Himoglobini huzuia polimerasi. Punje za Chelex hunyonya magnesiamu, na bila magnesiamu polimerasi haifanyi kitu.

Loweka duara kwenye mililita 1 ya saponini asilimia 0.5 iliyotengenezwa kwenye PBS (maji ya chumvi yenye bufa), usiku mzima kwenye nyuzi 4. Asubuhi maji yatakuwa ya kahawia, yamwage. Osha kwa PBS mpaka karatasi iwe nyeupe, na usiendelee kama bado ina rangi ya chai. Kisha weka maji mikrolita 150 na Chelex ya asilimia 20 mikrolita 50, hapo umepata asilimia 5. Chupa ya Chelex itikise kila unapovuta, na ukate ncha ya pipeti iwe pana, la sivyo unavuta maji matupu. Chemsha dakika 10, ukitikisa mara mbili tatu katikati. Zungusha kwa kasi kubwa dakika 5, hamisha maji ya juu kwenye mrija mpya, zungusha tena, hamisha tena. Marudio hayo ya pili ndiyo watu huyaruka. Weka mikrolita 2 kwenye PCR, si 5. Ikigoma, jaribu kuizimua kwa maji mara kumi kabla ya kuongeza.

Kitoboleo: katikati ya kila sampuli toboa karatasi safi mara tatu. Duara moja la karatasi isiyo na damu lipite hatua zote hadi kwenye jeli, maana mrija wa maji peke yake hauwezi kukuonyesha uchafuzi uliotokea kwenye kitoboleo. Na mirija ya PCR iliyokwisha isifunguliwe kwenye chumba mnachoandalia PCR. Njia hii inakulazimisha kufungua kila mrija ili ukate, kwa hiyo vumbi la zao la PCR litasambaa tu kama pipeti ni zile zile.

Kila jeli iwe na AA, AS na SS zinazojulikana, duara tupu, na sampuli moja isiyotiwa kimeng'enya.

---

Mkata_Herufi

Bi_Maabara amemaliza upande wa kadi. Nabaki na moja, kuhusu namna mtakavyoandika matokeo, kwa sababu hapa mtoto anaweza kuumizwa na jeli iliyo sahihi kabisa.

DdeI inasoma nafasi moja tu. Mtu wa himoglobini C ana CCT AAG, na hiyo nayo ni CTAAG, DdeI inaikata kama A. Mtoto wa SC, ambaye ni mgonjwa, atasomeka AS. C ni ya Afrika Magharibi zaidi, lakini kukosekana kwake kwenye kadi zenu kusichukuliwe kuwa uhakika. Vivyo hivyo mwenye S upande mmoja na beta-thalasemia (ugonjwa wa kurithi unaopunguza himoglobini) upande wa pili: kodoni hiyo kwenye nakala yake ya pili ni nzima, jeli itaonyesha mistari mitatu safi ya AS, huku mwili wake hautengenezi himoglobini A au unaitengeneza kidogo sana. Huyo ni mgonjwa wa selimundu kwa kila hali.

Kwa hiyo kwenye safu ya matokeo msiandike "AS". Andikeni HBB c.20A>T (herufi ya 20 ya sehemu inayoandika protini, A imekuwa T), nakala moja, au mbili, au hakuna. Ni nafasi ile ile ambayo vitabu vya zamani huiita kodoni ya 6, na sasa huhesabiwa ya 7 kwa kuwa methionini ya mwanzo inahesabiwa pia. Jina la AS au SS litoke pale kipimo cha himoglobini yenyewe kitakapowekwa pembeni ya jeli, na kama mtoto ameongezewa damu ndani ya miezi minne, himoglobini A mnayoiona inaweza kuwa ya aliyemchangia. Vipimo viwili vikigongana, zao lile lile la praima mpya lipelekeni lisomwe herufi kwa herufi, na jibu la mtoto huyo lisitoke hadi hapo.