Naomba ushauri: mpiganaji anayefunga uchawi ndani ya mafundo ya kamba

Msimamizi wa Meza

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasimamia mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons kwa kanuni zilizorekebishwa mwaka 2024, na mchezaji wangu mmoja ameniletea tawi jipya la fani ya mpiganaji, yaani mkondo maalumu wa uwezo ndani ya fani hiyo, alilolibuni mwenyewe. Mhusika wake huvaa kamba kiunoni, na adui anapomrushia tamko la uchawi, yeye hufunga fundo na uchawi ule ukanaswa humo, kisha hulifungua baadaye na kumrushia amtakaye. Anataka uwezo huo uanze mhusika afikapo ngazi ya 3 ya ukuaji wake, ambako kila fani huchagua tawi lake, na hakuuwekea kikomo chochote.

Wazo lenyewe nimelipenda mno, kwa sababu wapiganaji wengi huishia kupiga upanga tu, ilhali wenzao wana kurasa nzima za matamko ya kuchagua. Hofu yangu ni kwa mchezaji wa mchawi msomi, ambaye huenda akajiona hana kazi tena mezani. Je, nilikubali jinsi lilivyo, nilipunguze, au nilikatae?

Dadu Ishirini

Usilikatae, ila usilikubali jinsi lilivyo. Tafuta kwanza ndani ya mchezo uwezo unaofanana nao, uone umewekwa ngazi ipi na unamgharimu nini mwenye kuutumia. Mchawi msomi hupata tamko la kuzima uchawi wa mwingine afikapo ngazi ya 5. Linamla hatua yake ya kujibu tendo la mwingine pamoja na nafasi moja ya daraja la 3 (nafasi ni akiba ya kurushia matamko, na daraja ni kipimo cha nguvu ya tamko), ambazo kwa ngazi hiyo anazo mbili, na kwa kanuni za 2024 aliyelengwa hurusha dadu ya kujiokoa kuona kama ataliepuka, hivyo mchawi aweza kulipa gharama yote hiyo asiambulie kitu.

Lipo pia tawi la mwizi anayejua uchawi. Huyo, akifika ngazi ya 17, huweza kubatilisha tamko alilorushiwa na kulifanya lake kwa saa 8, iwapo adui atashindwa kujiokoa, na baada ya hapo hawezi tena mpaka apate mapumziko marefu, yaani ya kulala na kurudisha nguvu. Ombi la mchezaji wako linakaribiana sana na hilo, isipokuwa yeye analitaka ngazi 14 mapema na bila mipaka. Mpiganaji hupata uwezo wa tawi katika ngazi za 3, 7, 10, 15 na 18. Mimi ningeliweka kwenye ya 15.

Msimamizi wa Meza

Nashukuru, mfano wa mwizi umenifungua macho. Hata hivyo, meza yetu haielekei kufika ngazi ya 15, na sioni haki kumpa mtu kamba leo nikamwambia ataitumia mwishoni mwa safari ambao huenda tusiuone.

Bibi Mafumbo

Basi mwache afunge mafundo tangu ngazi ya 3, lakini uchawi unaoingia humo utoke kwa wenzake. Kasisi au mchawi analitamka tamko la daraja la 1 kwa nafasi yake mwenyewe, mpiganaji analifunga, na mapambano yakipamba moto analifungua kama hatua yake ya zamu hiyo. Mchezo tayari una pete inayohifadhi matamko yenye jumla ya madaraja 5, na kwa kuwa hiyo ni kifaa adimu, fundo moja la daraja la 1 halitavuruga chochote. Ngazi ya 7 mwongeze fundo la pili, na ya 10 mruhusu daraja la 2. Huyo mchawi unayemhofia hapokonywi kazi hata kidogo, kwani bila yeye kamba ni kamba tu.

Mlinzi wa Kanuni

Naunga mkono pendekezo la Bibi Mafumbo, lakini andika bayana ni nani anayeshikilia umakini, yaani anayelidumisha tamko linaloendelea, maana mtu hudumisha moja tu kwa wakati na akipigwa huweza kulipoteza. Ukifuata mfano wa pete, ni yule anayefungua fundo. Tuseme ndani yake kuna ile baraka inayowapa watu watatu dadu ya pande 4 juu ya mashambulizi yao na juu ya kujiokoa kwao: mpiganaji ataishikilia, naye kasisi atabaki huru kushikilia tamko jingine. Isitoshe, mpiganaji ana umahiri wa kujiokoa kwa siha, ambao kasisi na mchawi msomi hawaanzi nao, kwa hiyo akipigwa hatapoteza umakini kirahisi kama wao. Kwangu hilo ndilo linalolipa tawi hili ladha yake, ila ni nguvu kubwa kuliko inavyoonekana, na fundo la pili la ngazi ya 7 ningelichelewesha.

Pia mafundo yote yafunguke yenyewe mapumziko marefu yanapokwisha. Usipoweka sharti hilo, kila jioni kasisi atamwaga ndani ya kamba nafasi alizobakiza, asubuhi aamke nazo zote zimerudi, na kundi litaanza siku na matamko ya bure.

Msimamizi wa Meza

Hilo la jioni lisingenijia akilini kabisa. Nitaliandika upya hivi: ngazi ya 3 fundo moja la daraja la 1, ngazi ya 7 daraja la 2, na fundo la pili lisubiri ngazi ya 10; umakini ni wa anayefungua, na mafundo hayavuki mapumziko marefu. Kunasa uchawi wa adui kutabaki ngazi ya 15, mara moja kwa kila mapumziko marefu. Nitampelekea mchezaji kabla hatujakaa tena mezani, na akiwa na pingamizi nitalileta hapa.